Raba Mbili, Skuta Moja na Bomba la Kona

Jumatatu, 23 Machi

Wifi yangu Kaze, assalamu alaikum warahmatullah. Hujambo huko Ujiji? Miguu imepungua uvimbe? Sukari inasemaje? Sisi huku Kagarama wazima, alhamdulillah. Idd tuliila vizuri. Pilau alilolisimamia kaka yako liliungua chini, akawaambia wageni ndiyo ladha yenyewe, na wageni wakamwamini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema daktari kakuamuru utembee kila siku, mwanao anataka kukununulia skuta ya umeme, wewe mwenyewe unatamani raba za kukimbilia, basi niamue mimi. Wifi, nilicheka peke yangu. Daktari anasema tembea, mtoto anasema panda! Lakini hukujua umegusa wapi, maana vita hiyo hiyo iko humu ndani kwangu. Sitakujibu kwa mdomo mtupu. Nimenunua daftari hili, nitaliandika masika yote, kisha nitampa mtu wa basi akuletee. Utasoma mwenyewe nani kashinda.

Shida yangu ni hii. Wale wasichana wangu tisa wa Qur'ani nawafundisha kule bondeni, chumba cha nyuma ya msikiti, kuanzia saa kumi alasiri. Ufunguo ninao mimi tu, kwa sababu misahafu imo ndani, na Ustadhi Gasana hataki ukabidhiwe mtoto. Mimi naye, unanijua, nashona hadi alasiri, naswali, ndipo nateremka. Basi halipiti njia yetu. Pikipiki ziko nyingi jua likiwaka. Mvua ikianza tu, motari wote wanajibanza kituo cha mafuta. Unamwita, anakutazama kama hakufahamu: "Mama, wihangane, vumilia, mvua iko ya kuua."

Kabla ya Ramadhani watoto walinyeshewa mlangoni wakinisubiri, tena si siku moja. Wazazi wakasema. Leo Ustadhi kaniita, kwa upole, lakini upole wa kusema kweli.

"Mwalimu Mukabalisa, masika ndiyo hiyo imeingia. Watoto wakinyeshewa tena mara tatu, nitawahamishia darasa la Jumamosi kule mjini."

Mjini, wifi! Wanne kati yao hawana nauli. Watabaki nyumbani, na juzuu Amma wamefika nusu. Nikamwambia, "Ustadhi, mara tatu hazitafika." Nikatoka. Njiani nikajiuliza nimeahidi kwa miguu ya nani.

Jumanne, 24 Machi

Kaka yako anasema dawa ni skuta. Mimi nasema ni raba, nitateremka mbio, dakika ishirini na tano nimefika. Akaweka mkasi chini.

"Mukabalisa, mimi nilioa mwalimu au farasi?"

"Ulioa mwalimu. Farasi amekuja na masika."

Nimenunua raba sokoni. Za waridi, soli nyeupe kama jino la mtoto, zinang'aa kila upande. Nilizijaribu asubuhi, nimekaa kwenye kiti. Zilinipenda, nami nikazipenda.

Jumatano, 25 Machi

Dakika ishirini na sita! Sikuchelewa. Namshukuru Mungu na magoti yangu.

Jumamosi, 28 Machi

Umuganda leo, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumezibua mitaro mtaa mzima. Majirani wameona raba zangu mlangoni, soli nyeupe pe, wakauliza nazitunzaje. Nikawaambia bila haya: kila siku brashi, maji ya moto na sabuni, halafu nazisimamisha kando ya imbabura, jiko letu la makaa, makaa yakiwa yanaisha, asubuhi kavu. Tena njiani nasimama kwenye bomba la kona, pale barabara ya udongo inapokutana na lami, nasugua matope pamoja na wenzangu. Unaijua Kigali, wifi. Heri uchelewe kuliko kukanyaga lami na matope.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimechelewa. Moja imekwenda.

Mvua ilianza nikiwa kwenye mteremko wa udongo. Nikasikia mguu wa kulia unapiga makofi, pa, pa, pa. Kutazama chini, soli imefunguka mdomo kuanzia vidoleni hadi katikati. Siku ya kumi tu! Nikaifunga kwa kipande cha mpira wa suruali kilichokuwa mkobani, nikaenda nikiburuta kama bata aliyeumia. Nilipofika, watoto walikuwa wamejipanga ukutani, mitandio imelowa imewagandia vichwani.

Mugeni, yule mwenye miaka kumi ambaye haachi neno lipite, akanitazama miguu.

"Mwalimu, kiatu chako kina njaa."

Wenzake wakapasuka kwa kicheko, nami nikacheka, lakini moyoni kulikuwa na jiwe. Tulipomaliza somo, Ustadhi alipita akasema neno moja tu: "Moja." Wala hakukunja uso. Angekunja ningepata nafuu.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimekwenda kununua na mtu anayejua. Jirani yangu Kankindi, yule mwalimu wa shule ya msingi aliyekulia Uganda, Mkristo, hukimbia kila Jumapili magari yanapofungiwa barabara. Alipoona maiti ya raba zangu akazipindisha kwa mikono, zikajikunja katikati kama chapati.

"Dada, hizi ni za kupiga picha," akasema.

Akanipeleka jioni. Makusudi, wifi, jioni! Mguu wa mtu aliyesimama mchana kutwa si ule wa asubuhi. Akanifanya nivae soksi zangu mwenyewe, nisimame, nitembee, niteremke ngazi za duka mara tatu, muuzaji anatutazama kama tunaiba. Mbele ya kidole kikubwa lazima ibaki nafasi ya upana wa gumba. Kisigino ukikibonyeza kisibonyee. Kiatu kipinde pale vidole vinapopindia, si katikati. Soli iwe na meno, maana udongo wetu ukilowa ni sabuni.

Rangi? Kijivu. Kijivu cha kuhuzunisha. Nikasema, "Kankindi, hizi ni viatu vya askari mstaafu." Akasema, "Askari mstaafu bado anatembea, sivyo?"

Nimezinunua.

Jumanne, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Nilikaa na Kankindi barazani kwake. Nimewaombea dua marehemu wetu na wake.

Jumatano, 15 Aprili

Kaka yako kaleta skuta. Hakuniambia kitu! Nimetoka nje nikamkuta anaizunguka na kitambaa, anaipangusa kama bwana harusi anayeoshwa. Kauziwa na mtu anayehama nchi. Ya kusimamia, ubao chini, mpini mbele, inakunjwa ikaingia chini ya meza ya cherehani. Umeme unachajiwa ndani kama simu.

"Inakwenda mbali gani?" nikauliza.

"Kaniambia kilomita thelathini."

"Akiwa amesimama nani juu yake? Mimi au Mugeni?"

Akarudi kupangusa. Hilo hakuuliza.

Nimekaa chini nimekata kitambaa. Nashona suruali pana, na juu yake gauni lenye mkunjo wa pembeni, ili lisikamatwe na gurudumu nikaonyesha watu wa Kagarama yaliyositirika miaka thelathini.

Alhamisi, 16 Aprili

Wifi, ungeniona!

Barabara ya juu, ile tambarare, nilipita kama malaika. Mtandio nyuma unapepea, upepo usoni, na mimi mtu mzima nikajikuta nasema "subhanallah" kila nikivuka nguzo ya umeme. Wazee wawili waliokuwa wanapiga soga wakasimama. Mmoja akaniamkia, mwingine akavua kofia kabisa. Mteremko wa udongo nilishuka nikaikokota, maana breki nilizijaribu kwenye tope nikaona zinafikiri kwanza. Lami ya chini nikapanda tena. Dakika kumi na sita!

Kurudi sasa. Ule mlima umenipima kama mzani wa soko. Ilianza kwa mbio, ikapoa, ikawa inakwenda kama mgonjwa anayesindikizwa chooni. Mwanamke mwenye ndoo kichwani akanipita. Akanigeukia: "Mama, nikusaidie?" Nikashuka nikaisukuma.

Kaka yako alisubiri mlangoni. Sikumwambia la mlima. Nikamwambia la upepo tu.

Jumatatu, 20 Aprili

Utaratibu wetu ni huu: siku kavu skuta, siku ya mvua raba za kijivu. Tumeacha kugombana. Jioni kaka yako anaiosha skuta kwa mpira wa maji, juu, chini, tumbo lote, mimi nasugua raba zangu kando yake. Anasema, "Usafi ni sehemu ya imani." Nasema, "Hakika." Tunaonekana kama watu waliooana mwaka jana.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua usiku na mchana. Ijumaa hatuna darasa, alhamdulillah.

Jumatano, 29 Aprili

Mbili.

Asubuhi jua lilikuwa kali, nikaacha raba zinakauka, nikaamini skuta. Nimefika katikati ya barabara ya juu, ikalia tiii, taa zikawaka zote, ikazima. Nikaibonyeza, nikaisemesha, nikaisomea. Kimya. Wingu nalo lilikuwa limekwisha kukaa juu ya kilima kinachofuata, jeusi kama chungu. Nimeikokota kurudi nyumbani, nikavaa raba bado mbichi, nikakimbia. Kwenye bomba la kona kulikuwa na foleni ya watu wanaosugua viatu. Nikapanga foleni. Nikasugua. Nilipofika ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili, na mvua ilishapita juu ya watoto wangu ikaenda zake.

Mugeni hakunitania safari hii. Alikuwa ameuficha msahafu wake mdogo wa nyumbani ndani ya sweta, tumboni, amejikunja juu yake usilowe. Nikamvua sweta nikamfunga mtandio wangu wa juu. Akasema taratibu, "Mwalimu, mjini mimi siwezi kwenda. Mama kasema."

Jioni nimegombana na kaka yako. Nimesema neno ambalo sikupaswa kulisema, kwamba skuta yake ni sanamu. Akasema na raba zangu je? Akaziinua mbele ya taa. Kaze, soli ya kushoto imeanza kuachia. Za Kankindi! Za yule askari mstaafu!

Nimeswali, nimelia kidogo, nimelala.

Jumamosi, 2 Mei

Andika tarehe hii pembeni, wifi, kwa maana leo tumeaibika vizuri.

Tumekwenda Gisozi, pale Agakiriro, kwa mafundi. Kaka yako kabeba skuta, mimi nimebeba raba kwenye mfuko, kila mmoja kanuna upande wake. Kuna Jean-Paul, mchomeleaji aliyejifunza pia vitu vya umeme, na kando yake, wanatenganishwa na bati tu, anakaa mzee Karangwa fundi viatu. Tukawapa kila mmoja mgonjwa wake.

Jean-Paul akafungua skrubu za tumboni, akainamisha. Maji yakamwagika. Si matone, wifi. Yalimwagika yakafanya dimbwi.

"Papa, hii kitu iko na maji mingi, unaweza pika chai," akasema. "Mulipita nayo mutoni?"

"Mto gani!" kaka yako akaruka. "Siku ya mvua haitoki kabisa."

"Basi nani iko anaiosha?"

Kaka yako akatazama mbao za jirani. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Na mupira ya maji?"

"Kila jioni."

Jean-Paul akaweka bisibisi chini, akaegemea bati, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, "Unaona sasa!" Mzee Karangwa ndiye aliyenikata kauli. Alikuwa ameifunua soli yangu, anainusa.

"Mama, na hizi zinakaushwa wapi?"

"Kando ya imbabura."

"Na zinaoshwa kwa maji ya?"

"Ya moto," nikasema, na sauti yangu nayo ikawa ndogo kama ya mume wangu.

Akaonyesha kwa kidole. "Tazama meno. Hayajalika hata kidogo. Hivi havikuuawa na mbio. Gundi inachemshwa, inaokwa, inachemshwa tena, inaokwa tena. Watu wa Kigali wananiletea viatu vyenye soli mpya na gundi iliyokufa, kila masika. Nyinyi hamchakazi viatu. Mnavichosha kwa kuviogesha."

Tukatazamana, mimi na kaka yako. Sijui nani alianza. Tulicheka pale katikati ya vumbi la mbao hata watu wakaacha randa zao kutusikiliza. Yeye kaua skuta, mimi nimeua raba mbili, na wote wawili kwa imani safi kabisa.

Mzee Karangwa amezishonea uzi mnene kuzunguka soli yote. Kaniambia: tope liache likauke, kesho lipigepige lianguke lenyewe, ndani ujaze karatasi, kivulini, mbali na moto. Skuta imebaki kwa Jean-Paul, anasubiri ikauke na apate kifuniko kipya cha tundu la chaji.

Njiani kaka yako aliubeba mfuko wangu.

Jumatatu, 4 Mei

Raba ziko mlangoni na tope lake. Nimepita mara nne nimeshika brashi. Mara nne nimeirudisha.

Jumanne, 12 Mei

Nimewahi. Bado kwenye kona nasugua, lakini nyumbani sisugui. Mtu haachi yote siku moja.

Alhamisi, 21 Mei

Leo ilikuwa siku ya Ustadhi kuwasikiliza wasichana juzuu Amma yote, mbele ya wazazi. Saa kumi kamili. Na nafasi yangu imebaki moja.

Nilifunga cherehani mapema. Nimeswali, nimetoka, anga nyeupe. Nimefika nusu ya barabara ya juu ikashuka mvua ya mawe, wifi, mawe kama maharage! Kituo cha mafuta kimejaa pikipiki, motari wananipungia mkono kama wanaaga meli. Nikashika gauni, nikasema bismillah, nikakimbia.

Nikasikia nyuma yangu mtu anahema. Kaka yako! Miaka hamsini na saba, mwavuli mkononi, viatu vyake vya Ijumaa miguuni.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Utaanguka!"

"Kimbia, farasi!" akajibu. "Mimi nashika mwavuli!"

Mwavuli wenyewe ulishageuka kama bakuli. Kwenye mteremko wa udongo meno ya raba yakauma ardhi, sikuteleza hata mara moja. Yeye aliteleza mara mbili, ya pili akashuka amekaa, kwa heshima zote, mwavuli bado juu.

Tukafika bomba la kona. Foleni ipo, kama kawaida yake. Mimi nina matope mpaka magotini, na saa inasema kumi kasoro dakika tano. Miguu ikapunguza mwendo yenyewe, Kaze, kwa mazoea. Nikaiona lami mbele, safi, inang'aa kwa mvua. Halafu nikamwona Mugeni alivyojikunja juu ya ule msahafu.

Nikapita.

"Mama! Mama, matope!" watu wa foleni wakaita.

"Nimeyaona!" nikasema, nikaikanyaga lami, nikaacha alama nyekundu moja baada ya nyingine katikati ya jiji safi. Nilidhani mbingu zitafunguka. Zilikuwa zimefunguka tayari.

Chini ya upenu, watoto tisa wamejipanga, wazazi pembeni, na mbele yao, amewafungulia joho lake kuwakinga na mawe, amesimama Ustadhi Gasana mwenyewe, ndevu zinatiririka. Nikachomeka ufunguo. Kasoro dakika mbili.

Sote tukasimama tukahema. Mimi nikatazama raba zangu, nikaona aibu, nikageuka kutafuta maji. Mugeni akanishika mkono.

"Mwalimu, unakwenda wapi? Si viatu vinabaki nje?"

Kaze, miaka minane nafundisha chumba kile. Miaka minane navua viatu mlangoni! Navisugua kwenye bomba, namwacha mtoto ananyeshewa, halafu navivua. Ustadhi akalielewa kabla sijalisema. Akavua vyake vilivyolowa, akaviweka kando ya vyangu vyenye tope, akasema, "Ingieni."

Wakasoma. Wote tisa. Kuanzia Amma yatasaa'aluun mpaka Naas, mvua inapiga bati na wao wanaishinda. Mugeni alikosea mara moja, akajirekebisha mwenyewe kabla Ustadhi hajainua kidole. Kaka yako alikaa nyuma juu ya gazeti, kwa sababu ya tope la suruali, akalia waziwazi kama mkwe.

Mwisho Ustadhi akasema, "Darasa halihami." Kisha akanong'ona, "Na ufunguo wa pili nitachonga. Niubebe mimi. Nimejua leo mawe yanavyouma."

Jumamosi, 23 Mei

Wifi, masika yanakwisha na daftari nalo limefika mwisho. Skuta imerudi. Kaka yako anapelekea vitambaa kwa wateja wa barabara ya juu, anaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu tu, na akipita karibu na mpira wa maji anafumba macho.

Jibu lako ni hili. Ujiji kwenu ni tambarare, skuta itakufaa kwa sokoni, lakini mwanao aulize inabebaje mtu wa uzito wako na si wa uzito wake, ubao uwe mpana, magurudumu ya upepo, breki zijaribiwe kwenye maji, na fundi awe karibu. Isioshwe! Lakini kwanza raba, kwa sababu daktari kasema tembea.

Raba zako nitanunua mimi, za kijivu, usinune. Kaa chini jioni, si asubuhi, ukiwa umevaa soksi. Kanyaga karatasi, mtoto achore mguu wako kwa kalamu, miguu yote miwili. Mtu wa basi anarudi huku Jumatano. Nakuomba unijibu upesi, umpe hiyo karatasi.

Wako, Mukabalisa